Matumbawe ya Sebuleni Kwetu

Mume wangu ni fundi umeme hapa Bariadi, na anafuga matumbawe. Tangi lake la kioo liko sebuleni. Maji anayachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu, na umeme ukikatika huacha hata chakula mezani akayakoroge yasikose hewa. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Zagayu, alilitazama tangi lile kwa muda mrefu, kisha akanivuta jikoni.

"Mwanangu, mkwe wangu anafuga mawe?"

"Si mawe, mayu. Ni wanyama."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Mume wangu alisikia akaendelea na tangi lake, lakini mimi kicheko kile kiliniuma. Nina studio ndogo mjini, napiga picha za paspoti na za harusi. Nikasema moyoni, nitamwonyesha.

Kesho yake nilitoa kamera yangu ndogo ya mfukoni, ile inayoweza kukikaribia kitu sana bila kupoteza sura yake. Picha za kwanza zilikuwa aibu tupu: flashi ilimetameta kwenye kioo, na taa ya tangi ilifanya kila kitu kuwa buluu kama wino. Nikazima flashi, nikafunga mapazia. Mume wangu akafuta kioo, akazima pampu ili maji yatulie, akashika kipande cha plastiki nyeupe chini ya taa ile, nami nikaielekeza kamera hapo ijue nyeupe ni ipi. Mikono ikawa bado inatikisika. Nikakata pete ya mpira wa baiskeli, nikaivisha lenzi, nikaiegemeza kwenye kioo.

"Ngoja kwanza," akanong'ona, akadondosha chembe za chakula kwa bomba la sindano.

Vinyama vya tumbawe vikaanza kuchanua. Nikabonyeza.

Studio, nilipoikuza picha kwenye kompyuta, niliona mdomo mdogo wa kijani umezungukwa na vidole vinavyopitisha mwanga, kimoja kimekamata chembe. Nikaichapa kubwa.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Hakucheka. Alikwenda kwenye tangi, akainama hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaangalia picha, akaangalia tumbawe.

"Kumbe anakula!" Akamgeukia mume wangu. "Baba, unamlisha mara ngapi? Na akiugua, unajuaje?"

Mume wangu aliketi mbali kidogo, kama mkwe apaswavyo, akamweleza mpaka chai ikapoa. Kwa kawaida mbele ya mama huishia kwenye salamu. Siku ile nilikaa kati yao, nikiwaonea fahari wote wawili.

Nakala nyingine niliitundika studio, juu ya picha za maharusi. Juzi mteja mmoja kutoka Kiloleli alisimama mbele yake akisubiri paspoti zake, akaniuliza nimeitoa mtandao gani.

"Nimepiga mimi," nikamwambia. "Hapa hapa Bariadi."