Jina Kwenye Tangi la Maji

Herufi zangu ni nzuri. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ndizo zinazonilisha: nina kijiduka Kitengela ninachochapia kadi za harusi, mabango ya makanisa na, mara nyingi kuliko ninavyopenda, vijitabu vya mazishi. Kwa hiyo wenzangu walipotafuta mtu wa kuandika jina kwenye tangi la maji, hawakuhangaika. Niliandika mimi. Sitamsingizia mtu mwingine.

Centa yenyewe, kijiji kidogo cha maduka, iko ndani, ukishaacha lami ya Kajiado na kufuata barabara ya vumbi mpaka uanze kujiuliza kama umepotea. Nilikulia hapo. Baba alikuwa na mashine ya kusaga unga, Mkamba pekee katikati ya Wamaasai, nami nilijua kusalimia kwa Kimaasai kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Siku hizo kulikuwa na soko la mifugo kila Jumanne, maduka mawili ya Wasomali yaliyouza kila kitu kuanzia betri hadi shuka, na hoteli ya chai ambayo mandazi yake yalikuwa magumu lakini yalikwisha kabla ya saa nne. Kisha ukame ukaja mara mbili kwa kufuatana, ng'ombe wakaisha, na soko likahamia kwingine. Mashamba yakauzwa vipande vipande kwa watu wa Nairobi, nao wakazungusha waya, wakaenda zao, hawakurudi hata kujenga choo. Pampu ya kisima ilipoharibika hakuna aliyeitengeneza. Nilipopita huko miaka michache iliyopita, chumba cha mashine ya baba kilikuwa kinafugiwa kuku, na hata kuku wenyewe walikuwa wamekonda.

Aliyetuita turudi alikuwa rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza. Alikuwa mwana wa pekee wa kiume wa mama mmoja mjane ambaye boma lake lilitazamana na mashine yetu. Ukubwani alikuja Kitengela akawa fundi wa umeme: mtu wa kelele, mtu wa kuchelewa, mtu wa kuazima chaja ya simu na kukuapia kwamba ni yake. Nilimpenda kama ndugu na niligombana naye kila wiki. Ukimwambia centa imekufa, alikuwa anapandwa na hasira kweli kweli.

"Haijakufa, imezimia," alikuwa anasema. "Mtu akizimia si mnammwagia maji kwanza? Nyinyi mnakimbilia kuchimba kaburi."

Basi tukaanza kwenda kila Jumamosi, watu wanane au tisa, tukiwa nyuma ya pikapu ya kuazima. Mwenyekiti wetu alikuwa nesi mstaafu kutoka Nkoroi, mama mwenye sauti ya wodini, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu kupumzika kabla ya saa sita. Tuliokota karatasi za plastiki zilizonasa kwenye miiba ya migunga. Tulipiga bati upya juu ya banda la soko. Tulipaka chokaa. Wazee wa hapo walikaa kivulini wakatutazama kama watu wanaotazama mechi ya timu zisizowahusu. Sikuwalaumu. Walishaona wengi wakija na fulana za rangi moja, wakapiga picha, wakaenda.

Mtu wa kwanza kuliamini lile banda alikuwa mama yake rafiki yangu. Jumanne moja aliamka, akavaa shanga zake, akaja kukaa chini ya bati jipya na kibuyu chake cha maziwa yenye ule ukali mtamu wa moshi. Alikaa peke yake siku nzima. Jumanne iliyofuata wakaja akina mama wawili, mmoja na mayai, mwingine na maharagwe kutoka Rombo. Kabla ya mvua fupi walikuwa wamejaa, na mmoja wa wale Wasomali akafungua duka lake tena. Rafiki yangu alinipigia simu akipiga kelele hadi nikaiweka mbali na sikio. "Umeona? Amefungua macho!" Alimaanisha centa.

Maji ndiyo yalikuwa yamebaki. Alishapanga kila kitu kichwani, pampu, sola, tangi juu ya nguzo, mifereji minne ya kuchotea maji. Alifunga zile nyaya mwenyewe. Halafu akaanza kulalamika tumbo, akanunua dawa ya tumbo, akanunua nyingine. Lilikuwa ini. Alipolazwa, ugonjwa ulikuwa umeshamaliza kazi yake, na baada ya wiki tatu tulimzika nyuma ya boma la mama yake. Kijitabu cha mazishi nilikichapa mimi. Nilikosea ukurasa mara mbili, mimi ninayejisifu.

Tulimalizia kazi yake bila yeye. Ilikuwa huzuni, lakini pia ilikuwa dawa. Mtu aliyeshika spana halii sana. Na siku tangi lilipopanda juu ya nguzo zake, mtu mmoja, nadhani ni mimi, akasema lazima liwe na jina lake. Wote wakaitikia. Tukamuuliza chifu, akasema ni heshima kubwa. Tukamuuliza mchungaji, akasema ataliombea. Mwenzetu mmoja, binti wa Kimaasai aliyezaliwa Kitengela, alitokwa na machozi kwa furaha. Mama yake marehemu hatukumuuliza. Tulitaka kumshangaza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini sisi tulikuwa na haraka ya kufurahisha watu.

Nilikata stensili usiku kucha na nikaandika kwa rangi ya buluu ya mafuta, ile isiyotoka. Kila herufi ilikuwa na urefu wa mkono wangu. Ungeweza kuisoma ukiwa ng'ambo ya korongo.

Siku ya kufungua tulimweka mama mbele, tukampa mkasi akate utepe. Mwenyekiti akashika spika akatuambia tuliite jina la mwanawe mara tatu, ili huko aliko asikie. Tukaliita. Watoto wa shule waliliita kwa nguvu zaidi kuliko sisi. Mama akajifunika uso wote kwa shuka, akainama. Tukapiga makofi. Mimi nililia, nikamwambia jirani yangu, tazama, furaha imemzidi.

Jumanne iliyofuata hakuja sokoni. Wala iliyofuata. Wale wanawake wa rika lake, wale wenye maziwa, nao wakaanza kupungua. Sisi tukatafuta sababu. Mwenyekiti alisema ni msiba, tumpe muda. Mwingine akasema maziwa yamepungua kwa sababu ya jua. Kuna aliyesema watu wa huku hawana shukrani, na naona aibu kwamba sikumjibu. Maji yalikuwa yanatoka. Watoto walikuwa wanakuja na mitungi asubuhi na jioni, na wale wa darasa la pili, waliokuwa ndiyo kwanza wanajua kusoma, walisimama chini ya tangi wakalisoma lile jina kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha lote kwa pamoja. Baada ya muda mfupi hata mahali penyewe pakaitwa hivyo. Ulikuwa ukimuuliza mtu anatoka wapi, anakutajia rafiki yangu: natoka kwa fulani. Mimi nilikuwa nikiona fahari. Nilisema, huyu sasa hafi tena.

Nilienda kumwona mama na sukari na majani ya chai, peke yangu. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, mgongo ameuelekeza upande wa centa. Nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa nikiwa mtoto, akakigusa, akanisalimia.

"Takwenya."

"Iko, yeyo," nikaitikia. Yeyo ni mama, na sijawahi kumwita vingine.

Akanipikia chai. Tukaongea juu ya mvua, juu ya binti yake aliyeolewa Illasit, juu ya mbuzi aliyezaa mapacha. Nilipomaliza kikombe cha pili uvumilivu ukaniishia, maana mimi si mtu wa kuzunguka. Nikamuuliza ni nini tumemkosea.

Kiswahili chake ni cha kuokota sokoni, na alikiokota polepole.

"Nakerai," akasema, yaani mtoto, "wewe ulikua hapa. Kwetu mtu akienda, ile jina yake tunaweka chini. Si ati tumemchukia. Tunamwacha apumzike."

Nikaweka kikombe chini.

"Sasa nyinyi mnamwita. Asubuhi watoto wanaita yeye, jioni wanaita yeye. Na yeye hawezi kuitika. Lakini mimi ni mama yake. Kila saa wakiita, mimi nageuka niangalie kama ni yeye anakuja."

"Yeyo, mbona hukutuambia siku ile?"

"Mlikuwa mnafurahi sana," akasema.

Kinachoniuma si kwamba sikujua. Nilijua. Tulipokuwa darasa la tatu kulikuwa na msichana tuliyekaa naye dawati moja, mimi na yule rafiki yangu. Siku moja alikuja shule akiwa na jina jipya, kwa sababu watu wa boma la jirani walikuwa wamefiwa na mtoto mwenye jina kama lake, na mama mfiwa hakutakiwa kulisikia. Mwalimu, mgeni wa kutoka mbali, alimgombeza na kuendelea kumwita la zamani. Rafiki yangu ndiye aliyesimama, mdogo, kamasi puani, akamwambia, "Mwalimu, hiyo jina imelala." Alichapwa. Nilikuwa kando yake, nikasikia kila neno, kisha nikaenda Kitengela nikachapa kadi za harusi miaka ishirini nikasahau.

Niliwaambia wenzangu Jumamosi hiyo hiyo. Yule binti wa Kitengela alisema kwao wanaandika jina msalabani na hakuna neno, na ni kweli, watu wameshabadilika, kila boma na lake. Mwenyekiti alikasirika. "Tukilifuta atasahaulika," alisema. "Unataka asahaulike? Wewe?" Hilo lilinichoma, kwa sababu mimi pia nilikuwa nalitaka lile jina. Nilikuwa nikishuka kwenye gari kila Jumamosi nalitazama kwanza, kabla ya kusalimia mtu. Lilikuwa ndilo pekee lililonibakia la kutazama. Nikamjibu kwamba mwana ni wa mama yake, si wetu, nikapanda ngazi.

Rangi ya mafuta haitoki. Ningeipaka nyingine juu yake, lakini buluu ingechungulia, kwa hiyo niliikwangua kwa kisu cha bati na msasa, herufi moja baada ya nyingine, kuanzia ya mwisho. Sijui kwa nini nilianzia mwisho. Mikono ilitoka damu. Chini, wale watoto wa darasa la pili walikuwa wamesimama na mitungi yao, wakisoma kwa sauti kilichobakia, na jina likawa linafupika midomoni mwao hadi ikabaki herufi moja, nayo wakaisoma.

Nikaenda kumwambia mama kwamba tumelitoa. Alinishukuru, akanishika mikono, akavitazama vidonda. Jumanne alikuja sokoni. Nilisikia alikaa nusu siku. Tangi lilikuwa jeupe, bila jina, lakini mahali palikuwa pameshapata jina, na huwezi kupanda ngazi kwenda kukwangua midomo ya watu. Natoka kwa fulani. Tukutane kwa fulani. Walilitaja wateja wa mama, na dereva aliyeleta kabeji kutoka Illasit, watu wema wasiojua lolote. Tulijaribu kuwaambia. Wakubwa walielewa, wakajaribu, wakasahau. Watoto hawakujaribu.

Kabla ya mwezi kwisha binti yake alikuja na gari akamchukua, pamoja na mbuzi na vibuyu vyake, akampeleka Illasit. Huko watu wanalima nyanya na vitunguu, na hakuna anayemjua mwanawe.

Nilimtembelea mwaka huu. Amezeeka, lakini uso wake umetulia. Aliniuliza habari za centa na nikamweleza zote: kwamba soko limerudi kila Jumanne, kwamba mashine ya kusaga inanguruma tena, kwamba kuna kinyozi na hata duka la dawa. Nilimweleza saa nzima bila kumtaja aliyeyafanya hayo.

"Na maji?" akauliza.

"Yanatoka, yeyo."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanisukumia ndizi. Uzima wote wa centa ile umetokana na tumbo lake, na yeye ndiye mtu pekee asiyeweza kuishi pale. Sisi tuliifufua centa, tukamfukuza mwenyewe. Majuto ni mjukuu, na wangu naona ataishi miaka mingi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye mifereji nikibadilisha mpira uliokuwa unavuja. Nyuma yangu, kwenye njia ya vumbi inayotoka barabarani, msichana mdogo aliyebeba mtungi alimwita mwenzake kwa sauti kubwa amngojee pale, akapataja mahali kwa jina lake. Nilikuwa na spana mkononi, maji yakinirukia usoni. Nikageuka upesi, nikatazama ile njia yote mpaka mwisho, kama anakuja.