Kazi ya Mkono wa Kushoto

Mtaa mzima ulimwita fundi huyo wa nguo Jicho, kwa sababu alikata suti bila futi wala chaki. Ukiingia mlangoni alikutupia jicho mara moja tu, akajua bega lako lipi limeshuka. Ukoo wao ulitembea kifua mbele kwa jina hilo.

Siku moja akateleza kwenye ngazi za duka, mkono wa kulia ukavunjika, ukafungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Wateja hawakuwa wa kungoja. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa mtu wa vifungo na pindo kwa miaka kumi na minane, akavaa futi shingoni, akapima mara mbili, akachora, akakata. Mke wa Jicho akamtania mumewe kwamba kwenye hadithi za mashujaa, nguvu zikimtoka shujaa huangukia kwa adui; ashukuru zake zimebaki nyumbani. Jicho akacheka kwa meno tu.

Wiki ya tatu akaja mwalimu mkuu mstaafu kuchukua suti yake. Akajigeuza mbele ya kioo, mbele, nyuma.

"Tangu mgongo wangu uiname, koti halijawahi kunikaa hivi. Hata lile ulilonikatia wewe, Jicho, lilinipanda nyuma. Hili kakata nani?"

Dada alikuwa amebana pini midomoni, hawezi kusema.

"Mimi," Jicho akajibu. "Kwa kushoto."

Mzee akafurahi mno. Akatandika mezani kitambaa kingine, sufu ya bei, akaomba kikatwe pale pale ajionee maajabu. Jicho akauchukua mkasi kwa kushoto. Vidole havikukaa vishikioni, makali yakakataa kuuma sufu. Akauweka chini.

"Mwalimu, nimekudanganya. Suti ni kazi ya mdogo wangu."

Mzee akakohoa, akaacha kitambaa, akaaga kama mtu aliyechelewa mahali.

Dada akatoa pini midomoni, moja moja.

"Kaka, umeona aibu kwa kuwa mkono umevunjika, au kwa kuwa aliyekata ni mimi?"

Jicho akakinyoosha kitambaa mezani kwa mkono wa kushoto.

"Basi shika huku kisiteleze," akasema dada. Jicho akashika, mkasi wa dada ukapita.

Plasta ilifunguliwa wiki mbili baada ya siku hiyo, naye Jicho akakata kama zamani. Swali lile hajalijibu hadi leo.