Tundu la Milimita Sita

"Mama Ha-ram, hebu niambie ukweli," jirani yake Mama Ga-on alimuuliza siku moja, wamechutama juu ya mabeseni ya kabichi za kimchi, achari ya Kikorea, vidole vimekakamaa kwa chumvi. "Miaka kumi na miwili unakwenda kazini. Hurudi na grisi wala vumbi. Huko unafanya nini hasa?"

Tak Yeon-sil, mama yake Ha-ram, akapangusa paji la uso kwa kiwiko. "Nafuta."

"Unafuta nini? Sakafu?"

"Vitundu."

Mama Ga-on akacheka mpaka kabichi ikamponyoka. "Wee! Wenzio wanafuta vumbi, wewe wafuta matundu! Na ukishayafuta yanakwenda wapi?"

Yeon-sil naye akacheka. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Huko Changwon, mji wa viwanda wa Korea, chuma hakiendi motoni kabla hakijachorwa kwenye kompyuta, na mchoro ule hukatwakatwa vijipande maelfu kwa maelfu, vimeshikana kama wavu, ili ihesabiwe kila kijipande kitabeba uzito gani na chuma kitashindwa wapi. Sasa wavu una madeko. Ukikuta herufi zilizogongwa kwenye chuma, au tundu la skrubu, au kipande cha uso chembamba kama unywele ambacho mchoraji mwenyewe hajui kama amekiacha, vijipande vinabanana, vinapinda, na kompyuta inagoma. Kwa hiyo Yeon-sil hutangulia. Huziba, hufuta, huunganisha kingo zilizoachana, kama mtu anayechambua mchele kabla ya kuuteleka. Wahesabuji wakipokea mchoro wake hupika tu.

Ukutani pale ofisini pamebandikwa karatasi: tundu lolote chini ya milimita nane liondolewe. Yeon-sil aliifuata, ila alikuwa na desturi yake mwenyewe ambayo hakufundishwa na mtu. Kabla ya kufuta tundu alilitazama kwanza liko wapi. Tundu la katikati ya bamba ni dogo. Tundu la kwenye kona, pale chuma kinapojikunja na nguvu zote zinapokusanyika, hilo si dogo hata likiwa kama jicho la sindano.

Majira ya baridi yale ukaja mchoro wa mkono wa gari la ngazi, lile linaloegeshwa chini ya ghorofa watu wanapohama, likapandisha makabati na majokofu hadi dirishani. Mchoro ulitakiwa Ijumaa, na Jumamosi watu wote walikuwa wanasafiri makwao kwa mwaka mpya. Saa kumi jioni wenzake wameshavaa makoti. Yeon-sil hakutazama moja moja. Aliiambia kompyuta imkusanyie matundu yote yaliyo chini ya nane, akabonyeza mara moja, arobaini na matatu yakatoweka.

Wavu ukatoka safi kama mkeka mpya. "Dada Tak, una mkono wa baraka!" akasema Mkuu Seok, msimamizi wao, kijana aliyemzidi cheo lakini mdogo kwake kwa miaka tisa. Hesabu zikaja kijani kibichi kila mahali, yaani chuma kitabeba. Ripoti ikapigwa muhuri, na masika magari kumi na manne yakatoka katika kiwanda cha mteja.

Mwezi wa tano, familia ya ghorofa ya kumi na moja ikahama. Yeon-sil alikuwa anarudi na mfuko wa vitunguu alipoliona gari la ngazi chini ya jengo lao. Aliujua ule mkono kama anavyoijua sura ya mwanawe. Akasogea. Kwenye kona ya ndani kabisa ya mkunjo palikuwa na tundu, na ndani yake skrubu ndogo iliyoshikilia mpira wa mafuta.

"Mama, usiguse, utachafuka!" dereva akapiga kelele. "Au unataka tukupandishe wewe badala ya kabati?"

"Hili tundu lilikuwapo tangu mwanzo?"

"Limekuja nalo. Kwani umelipoteza wewe?"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Juu yao kochi lilikuwa linapanda taratibu, na chini yake bibi mmoja akapita na mjukuu, akinung'unika kwamba njia imezibwa. Yeon-sil alisimama pale mpaka kochi likaingia dirishani.

Kesho yake alikwenda kwa Mkuu Seok, akamweleza tundu alilolifuta.

"Dada, karatasi inasema nane. Tundu ni sita. Umekosea wapi?"

"Kwenye karatasi sijakosea, Mkuu. Limekaa konani. Tuhesabu tena."

"Tukihesabu tena mteja atauliza kwa nini. Nimwambie nini? Na umeona ufa wowote?"

"Sijaona."

"Basi! Mwachie Mungu, wewe si mtu wa kanisa?"

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa alikuwa ameshamwachia Mungu usiku kucha, na asubuhi tundu lilikuwa palepale.

Saa ya chakula hakula. Aliufungua mchoro, akalirudisha tundu, akalizungushia vijipande vidogo vidogo, duara ndani ya duara kama kitunguu kilichokatwa. Hakuwahi kutengeneza wavu mzuri kama ule. Lakini kuhesabu hakuruhusiwi. Kompyuta yake inaandaa tu. Akampelekea Gyo-won, mhesabuji.

"Dada yangu, bila namba ya kazi siwezi hata kubonyeza. Unataka nifukuzwe?"

"Nusu saa tu, mwanangu."

"Namba ya kazi anatoa nani? Mkuu Seok. Mrudie yeye."

Akampigia mteja simu. Binti aliyepokea alimuuliza kwa upole cheo chake. Alipokitaja, akaambiwa ujumbe utafikishwa. Wiki tatu zikapita. Lililomtafuna zaidi ni kwamba hakujua. Huenda chuma kile kingebeba miaka thelathini bila hata alama. Huenda kisingebeba. Jibu lilikuwa nusu saa kutoka kwake, na hakuwa na kidole cha kulifikia. Akaanza kuzunguka mbali kila alipoona ngazi imeinuliwa, na akajionea aibu, kwa sababu wengine hawakujua wazunguke.

Jumatano kanisani kwao kila mtu huandika haja yake kwenye kikaratasi. Mchungaji alisoma goti la mzee mmoja, mtihani wa mtoto wa mwingine. Akafika kwenye cha Yeon-sil, akakisoma kimoyomoyo kwanza, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akakisoma kwa sauti kama kilivyoandikwa:

"Naomba mtuombee magari ya ngazi kumi na manne na wote wanaopita chini yake. Mimi ndiye niliyefuta tundu. Naomba mtu mmoja mwenye ruhusa akubali kuhesabu tena, tundu likiwa mahali pake."