Filimbi ya Baba na Riwaya Zangu za Mapenzi

Ninaposoma riwaya, mhusika akianza tu kutangaza mapenzi yake mimi huruka ukurasa. Akipiga goti, naenda kutafuta chai. Wanafunzi wangu hudhani ni ukali wa msomi. Kumbe nililelewa katika kambi ya reli ya Kamina, na kwetu mapenzi yalikuja kwa filimbi.

Baba alikuwa dereva wa treni ya mvuke. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kuvuta filimbi akikaribia stesheni, na kila mke aliijua ya mumewe. Ya Baba ilikuwa mbili fupi, kisha moja ndefu iliyolegea mwishoni kama mtu anayepiga mwayo. Mama akiisikia, aliweka motoni maji ya bukari, ugali wetu. Baba akifika mlangoni, bukari linafuka. Sikumbuki wakiambiana neno tamu hata siku moja.

Miaka ya hamsini ikielekea kwisha, nilirudi likizo yangu ya kwanza kutoka chuo kikuu nikiwa na koti moja, maoni mengi, na riwaya ya Kifaransa. Nilimtafsiria Mama huku akitwanga sombe, majani ya muhogo. Tulipofika pale kijana anapoungama mapenzi kwa kurasa tatu, Mama alisimamisha mchi.

"Uyu mwanaume hana kazi?"

"Anapenda, Mama."

"Anasema tu. Na unga, njo nani analeta?"

Jirani yetu, mke wa dereva mwingine, alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha treni ya Baba ikaingia. Filimbi ilikuwa moja, kavu, kama ya mkono mwingine. Mama akainamia kinu bila kugusa sufuria, nami nikaelewa kwamba jambo hilo halikuanza siku ile.

"Pole, mama," jirani alisema, bila pole yoyote usoni. "Pengine ile filimbi yake anaipiga kule Bukama, kwenye iko nyungu ingine inachemka."

Baba alifika, uso umeoshwa, akaketi. Ndipo maji yakawekwa motoni. Alingoja chakula kama mgeni, akitazama mikono yake. Ugomvi wao wote ulikuwa huo.

Mimi, bingwa wa mapenzi ya vitabuni, nilimshauri Mama baadaye: "Mwulize. Mwambie unavyoumia."

"Université njo inafundisha ile?"

Safari iliyofuata ya Baba ilipokaribia kuisha, Mama alijifunga kikwembe kipya, kitenge chake cha kutokea. "Leo nitaenda kuona uyo muke mwenye anashuka naye." Nilimfuata kwa hofu. Tulijibanza nyuma ya mabehewa.

Aliyeshika kamba ya filimbi alikuwa kijana tusiyemjua. Baba alishuka baada yake, mweusi kwa makaa, akipapasa kila ngazi kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Macho yake yalikuwa yameanza kupoteza nuru. Wakubwa wa reli walikuwa wamemnyang'anya mashine wakamrudisha kwenye koleo la makaa, kazi aliyoanzia ujanani. Aliinama kwenye bomba, akajisugua uso kwa sabuni, taratibu, mpaka akafanana tena na dereva.

Nilimgeukia Mama nikitarajia machozi. Kitabuni hapa ndipo watu hukumbatiana. Hakuwapo. Alikuwa tayari anakata njia ya nyumbani, karibu anakimbia, kikwembe kipya kikimzonga miguuni.

Baba alipoingia, bukari lilikuwa linafuka mezani. Alisimama mlangoni.

"Unajua namna gani minafika?"

"Minasikia filimbi yako, Baba," Mama alimjibu.

Alinawa. Akamega tonge, akalishika tu, akimtazama Mama kwa macho yale yasiyomwona vizuri. Mama alisogeza bakuli la samaki mpaka likagusa vidole vyake.

Nimejaribu kuliandika hili kama riwaya. Kila mara, kabla ya ukurasa kwisha, Baba wangu wa karatasi humshukuru mkewe, nami nauchana. Yule wa kweli alilishika tonge mpaka likapoa. Sijui kama ilikuwa shukrani, au aibu ya mtu aliyejua kwamba ameonekana.