Siku Kumi na Mbili za Jua

Mama alikuwa amebakisha siku arubaini kumaliza eda ya baba kifua kilipoanza kumbana. Daktari aliyekuja kumtazama nyumbani, Malindi, alichukua damu, kisha akatuletea karatasi mbili. Moja ilisema vitamini D yake iko chini sana. Ya pili ilimtaka aende Mombasa upesi akapigwe picha ya mishipa ya moyo.

"Nitakwenda eda ikiisha," mama akasema. "Sitoki nyumba ya marehemu nikaonekane mjini."

Sikubisha. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba wengi ambao mishipa yao imeziba vibaya hukutwa na upungufu wa vitamini hiyo. Nikafikiria miezi mitatu aliyokaa ndani, kwenye chumba chenye dirisha moja, nikajiona nimepata jibu.

Basi kila asubuhi nilimtandikia jamvi uani, mikono wazi, nami nimeshika saa.

"Unanianika kama papa," akasema.

"Geuza na upande wa pili, mama."

Tulicheka. Hata yeye, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Siku ya kumi na mbili shangazi alimkuta amesimama kwenye ngazi ya uani, mkono ukutani, akitafuta pumzi. Nikamweleza habari ya jua.

"Nani kakwambia mwenye eda haendi hospitali?" akaniuliza. "Eda inazuia mapambo na matembezi, haizuii matibabu. Miaka minne chuo kikuu ulisoma nini?"

"Mama mwenyewe alisema..."

"Mama yako ana msiba. Wewe una nini?"

Nilikuwa na hofu. Karatasi ya kwanza niliipenda kwa sababu dawa yake niliiweza.

Tuliondoka siku ileile. Mishipa miwili ilikuwa karibu kuziba kabisa, madaktari wa Mombasa wakaizibua. Nilimuuliza mmoja wao kama ni kukosa jua.

"Upungufu huo tunauona sana kwa wagonjwa hawa. Kama ndio chanzo, hatuna hakika. Ila jua halizibui mshipa."

"Na zile siku kumi na mbili?"

Alitazama faili, akalifunga. "Mmefika," akasema.

Neno hilo bado nalipindua kichwani. Mama amemaliza eda na jamvi la uani analitaka bado. Namtandikia, lakini kwanza namuuliza kifua kikoje, kisha namtazama akipanda ngazi, mpaka anikemee.