Sala Iliyoishia Igawa

Nyumbani kwetu Iyunga siku ile walikuwepo mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anaposwa. Mdogo wetu wa mwisho, fundi pikipiki. Baba mdogo, ndani ya koti lake la harusi za watu. Wageni watano kutoka Nyololo na mshenga wao. Na mzee wa kanisa, jirani yetu. Mimi, dada yao mkubwa, niliyetakiwa kuijibu posa, sikuwepo. Nilikuwa Tunduma nakunywa chai.

Ilikuwa siku ya mwisho ya miezi kumi na moja ya Zambia, nilikokuwa napika kwenye mgahawa wa madereva wa malori. Wageni walipangiwa saa nane. Nilipovuka mpaka nilitazama simu yangu ndogo ya vitufe, ikasema saa tano. Hadi nyumbani ni mwendo wa saa mbili. Nikaagiza chai ya maziwa na maandazi manne, nikawa nawasikiliza watu wakigombana kwa Kiswahili. Raha tupu.

Muuza chai akaniuliza kama simu yangu bado iko Zambia. Sikumwelewa. Akanionyesha saa ya ukutani: saa sita. Wenzetu wa upande ule wako nyuma yetu kwa saa nzima. Wakati wa kwenda niliipata saa hiyo bure nikaisahau; sasa nilikuwa nimeirudisha, andazi la tatu likiwa mdomoni.

Basi nalo likakaa stendi likisubiri abiria. Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa baadaye na fundi pikipiki, huku akicheka.

Wageni walifika saa nane kamili, wakasema mapema kwamba lazima wakalale Nyololo. Baba mdogo akavuta kiti cha katikati, akakaa. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikawalea hawa wawili kwa kuuza viazi na ndizi, na miaka yote hiyo baba mdogo hakutununulia hata penseli. Sasa akasema posa hujibiwa na mwanaume wa ukoo. Na akishajibu yeye, basi, imekwisha. Posa haijibiwi mara mbili.

Mdogo wangu akasema kutoka chumbani, mlango umefungwa: "Aliyenilea yuko njiani. Akifika nitatoka."

Mshenga akaangalia saa. Ndipo fundi alipomnong'oneza mzee wa kanisa kwamba dada amepiga simu, basi lake limefika Mlowo. Mzee akasimama, akaomba afungue mazungumzo kwa sala fupi.

Akaanza na Nyololo. Akaombea chai yao, mbao zao, na wote waliobaki nyumbani. Akaifuata barabara ya kuja kwetu, akafika Makambako, akaombea stendi na waliomo. Baba mdogo akakohoa. Mzee akamwombea kifua. Kila alipovuta pumzi wageni waliitikia amina, maana nani atakataa kuombewa? Mshenga alifumbua jicho moja, akakuta ya mzee yamefumbwa yote mawili, akalifumba tena.

Nilipoingia na begi kichwani, mzee alikuwa amefika Igawa, anaombea ng'ombe wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Akasikia mlango. "Amina," akasema, ng'ombe wakiwa bado zizini.

Mdogo wangu akatoka. Mshenga akanitazama na vumbi langu lote, akauliza: "Dada, wewe ndiye mzazi wa huyu binti?"

Nikamjibu kuwa ndimi. Baba mdogo akakitazama kile kiti, akainuka. "Kaa basi," akasema, "umechoka na safari." Nikakaa, nikajibu posa.

Jioni nilikwenda kumshukuru mzee. Akanikatiza. "Binti yangu, ile sala niliiacha njiani. Toka Chimala mpaka hapa kwetu hakuna aliyeombewa. Utakuja tuimalize, na safari hiyo utasimama kuomba wewe."

Nikamwambia kesho. Harusi imepita, mtoto amezaliwa Nyololo, na bado sijaenda. Kila nikipanda basi kwenda kumwona mjukuu wangu, zinapita dirishani Uyole, Inyala, Igurusi, Chimala, na zote zinanidai.