Sakarini Puani na Ugoro Wangu

Hii naisimulia kwa sababu walioiona wameshaizungusha soko zima la Kosele, basi afadhali muisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa nesi wa zahanati na mwimbaji wa kwaya ya Wasabato. Daktari mmoja mgeni alitujia na kipimo cha watoto wenye kikohozi kisichoisha: unaweka chembe ya sakarini, ile dawa tamu kama sukari, ndani ya pua, mtoto anatulia bila kupenga kamasi, na vile vinyweleo vidogo vya ndani vikifanya kazi yake ya kusukuma kamasi nyuma, kabla ya nusu saa utamu unafika kooni. Usipofika, mtoto anapelekwa hospitali kubwa.

Mama Atieno (tunaimba naye) alikuwa na binti wa miaka saba aliyekohoa tangu kuzaliwa, lakini alikataa katakata. "Yawa! Sukari kwa pua? Jiwekee wewe kwanza!"

Nikajiwekea. Mtoto naye akawekewa, tukakaa benchi moja, akina mama wote macho kwangu, na dakika kumi zikapita, ishirini zikapita, sisikii utamu wowote (na nilijua sababu, maana kila asubuhi nilikuwa navuta ugoro nyuma ya choo, nao huvilaza vile vinyweleo, na kanisani kwetu tumbaku ni dhambi), basi nikaona nijiokoe, nikatabasamu na kusema, "Tamu!"

"Tamu!" akasema Atieno papo hapo.

Mama yake akapiga vigelegele, daktari akashika kalamu aandike kwamba mtoto ni mzima. Nikamtazama yule mtoto, naye bado ananitazama mdomo, nikajua amenifuata tu. 

"Daktari, usiandike. Nimedanganya, sijasikia kitu. Mimi navuta ugoro."

 Kisha mama mmoja wa kwaya akauliza, "Kumbe hata hiyo besi yako ni ya ugoro?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Wiki iliyofuata Atieno akapimwa tena, mimi nikiwa nimefungiwa nje. Saa nzima ikapita hajasikia utamu, akaandikiwa barua ya kwenda Kisumu. Mama yake alipotoka hakucheka. Alinishika mkono tu, akasema, "Ndugu Ouma, asante kwa ile aibu yako."

Ugoro niliacha mwaka uliofuata, kwa shida. Kumwambia mtoto "tamu" kitu ambacho mimi mwenyewe sijaonja, hiyo niliacha siku ile ile.